Sanaa ya Jiji ni Mali ya Wananchi Wote



Kila bajeti ya Kaunti ya Nairobi inaposomwa, twapaswa kuuliza maswali mawili: fedha za kulipamba jiji zinamkumbuka nani, na ni nani aliyeulizwa kabla hazijatolewa?

Sanamu ya barabarani hujengwa kwa kodi yetu, katika ardhi yetu, nayo huwafunza watoto wetu ni akina nani waliolijenga taifa. Watawala wamelijua jambo hilo tangu zamani. Mwaka 1973 sanamu ya Mzee Kenyatta, kazi ya mchongaji Mwingereza, iliwekwa katika uwanja wa KICC. Mwaka 1988, chini ya utawala wa chama kimoja, Mnara wa Nyayo ulisimamishwa katika Central Park kuadhimisha miaka 10 ya utawala wa mtu mmoja. Mwananchi alitozwa kodi, lakini maoni yake hayakutakiwa.

Wakati huo huo wengine walisahauliwa. Dedan Kimathi alinyongwa mwaka 1957. Alingoja hadi 2007 kupata sanamu jijini. Tom Mboya aliuawa mwaka 1969. Yake ilizinduliwa mwaka 2011. Ukumbusho wa wahanga wa mateso ya enzi ya Mau Mau ulifunguliwa Uhuru Park mwaka 2015, na gharama yake ikalipwa na serikali ya Uingereza, ile ile iliyowatesa. Je, si aibu kwamba mtesi alitoa fedha ambazo sisi hatukuzitenga kwa miaka 52 ya uhuru?

Nairobi ilipata jina lake katika lugha ya Wamaasai. Reli iliyoizaa ilijengwa na vibarua kutoka Bara Hindi pamoja na Waafrika. Kariokor inabeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kuna Wanubi wa Kibra, Wasomali wa Eastleigh, na watu wa kila pembe ya nchi waliokuja kutafuta riziki. Wako pia kina mama waliofunga kula Uhuru Park mwaka 1992 wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe, na ambao walipopigwa walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Hawa wote ni wenye jiji.

Wako watakaosema kwamba hospitali zina haja kubwa kuliko sanamu. Ni kweli, na hatuombi hata shilingi moja ya dawa. Lakini fedha za mapambo hazijawahi kukosekana mkubwa alipotaka kutukuzwa. Hukosekana anapotajwa mnyonge. Wengine wanahofu kwamba kila kabila litadai sanamu yake. Hofu hiyo ina msingi. Kugawana mawe kama vile tulivyozoea kugawana vyeo kungekuwa ukabila wa namna nyingine. Dawa yake ni kuchagua kwa uwazi, kwa kupima mchango wa watu katika maisha ya jiji zima, wala si kwa kuhesabu kura zao.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuilazimu serikali kuikuza sanaa. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushirikishwaji wa umma katika matumizi ya fedha. Ufaransa, tangu mwaka 1951, imetenga sehemu 1 kwa 100 ya gharama za majengo ya shule kwa ajili ya sanaa. Philadelphia, Marekani, ilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1959.

Basi tunadai mambo manne: fungu la sanaa litajwe wazi katika bajeti, kamati ya uteuzi iwe na wasanii, wazee, wanawake na vijana wa mitaa mbalimbali, kazi itolewe kwa mashindano ya wazi, na bei yake itangazwe, na kiongozi aliye hai asijengewe sanamu kwa fedha za umma.

Vikao vya bajeti ni vyenu kisheria. Parokia na vikundi vyenu viandike maoni, viyapeleke kabla bajeti haijapitishwa, na vidai jibu kwa maandishi. Tukinyamaza, watachaguliwa tena wale wale, na bili itatujia sisi.