Kabla ya Kumpa Mtu Kipimo cha Mate

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimetoboa vidole vya watu wa Muheza mpaka wakanibatiza Mama Sindano, kwa hiyo kipimo cha VVU cha mate nilikipokea kwa mikono miwili. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019 kuruhusu mtu kujipima, na tangu hapo nimeona wanaume wasiokanyaga zahanati hata waumwe vipi wakimtuma mke awachukulie kisanduku.

Kazi yenyewe nyepesi. Unapitisha kijiti kwenye ufizi wa juu mara moja na wa chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Zikipita 40, jibu hilo usilisome tena. (Wapo wanaotema mate kichupani, hao waanze upya na kipimo kingine.) Ukiona mistari miwili, nenda kituoni ukathibitishe kwa damu. Wala mate hayaambukizi VVU: kipimo hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza baada ya maambukizi, na zinaweza kuchukua hadi miezi mitatu kuonekana.

Sasa, mtu aliyemeza ARV vizuri kwa miaka, kingamwili zake zinaweza kupungua hadi kipimo cha ufizi kisizione. Jibu linakuja hasi, na virusi vimo. Nilimhudumia mama mmoja aliyetoka kwenye maombi, akajipima kwa siri, akaona mstari mmoja, akaacha dawa. Alirudi kliniki amekonda, anakohoa, na bado anabishana nami kwamba kipimo hakidanganyi. Tusiseme ni yeye tu. Mwaka 2011 misururu ya magari ilikwenda Samunge, Loliondo, kufuata kikombe cha dawa cha shilingi 500 kilichosemwa kuponya, na wapo walioacha ARV baada ya kukinywa. Wakati ule angalau hawakuwa na kijiti cha kuwahakikishia nyumbani kwamba wamepona.

Onyo limo kwenye karatasi ya maelekezo, katikati ya maneno mengi ambayo mtu mwenye hofu hayasomi. Sitaki vipimo virudi kabatini. Sindano imewakimbiza wengi mno. Nataka onyo hilo lichapwe juu ya kisanduku, kwa Kiswahili na herufi nene: anayetumia ARV asijipime na hiki. Na anayekigawa, awe mhudumu wa jamii au muuza duka la dawa, amvute mtu pembeni amuulize, “Umewahi kuanzishiwa dawa?” Akijibu ndiyo, asipewe kijiti, aelekezwe kliniki akapimwe wingi wa virusi kwenye damu.