Unyenyekevu Usihubiriwe kwa Wanyonge Peke Yao

Mvua za vuli zinapochelewa katika milima ya Usambara, au masika yanapozidi hata barabara itokayo Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ikafunikwa na udongo na mawe, mahubiri ya aina moja husikika katika makanisa mengi ya Mlalo, Mtae na Bumbuli. Waumini hukumbushwa habari za Ayubu. Huambiwa wanyenyekee, wavumilie na wamtumaini Mungu, kwa kuwa Yeye hajawahi kuwatupa watu wake. Mkulima ambaye kabichi zake zimeoza kando ya njia kabla ya kufika sokoni Dar es Salaam husikiliza, huitikia amina, kisha hurudi nyumbani kuanza upya.

Hakuna ubaya katika mahubiri hayo. Ni ya kweli, na yamewasaidia watu wengi kubeba mizigo ambayo pengine ingewaponda. Kasoro iko mahali pengine. Katika ibada hiyo hiyo, kwenye mabenchi ya mbele, huketi mwalimu mkuu, bwana shamba, mganga wa zahanati na karani wa halmashauri. Na ni nadra sana kumsikia mhubiri akiwageukia hao na kuwaambia kwamba somo la unyenyekevu linawahusu wao kwanza.

Katika Injili anayejishusha ni mkubwa. Aliyechukua beseni na kitambaa akawaosha miguu wanafunzi wake, usiku ule wa mwisho, alikuwa Bwana na Mwalimu wao, wala hakuwa mtumwa wa nyumba. Petro alibisha kwa sababu aliona mambo yamepinduliwa. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na usemi huo una hekima yake, lakini unamhusu mwenye haja. Kristo aliinama pasipo haja yoyote ya kwake mwenyewe. Mjane, yatima, kibarua na mgeni, ambao wako chini tayari, Maandiko huwapa ahadi nyingi kuliko maagizo. Mhubiri anayewaamuru kila Jumapili wazidi kuinama anawapelekea barua iliyoandikiwa mtu mwingine.

Washambaa walilijua jambo hili kwa namna yao kabla ya mmisionari wa kwanza kupanda mlima. Lugha yao ina kauli mbili za kale zinazohusu utawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme aliyetulia katika kiti chake na kukubaliwa na wote aliiponya nchi, mvua zikanyesha na migomba ikazaa. Wakubwa waliopimana nguvu waliiharibu, na njaa ikaingia. Mtu wa leo aweza kuitabasamia imani hiyo ya mvua na wafalme, lakini historia inaonyesha kuwa haikuwa upuuzi. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Vuga, mwaka 1862, wakuu wa ukoo wa Wakilindi waliingia katika vita vya wao kwa wao vilivyoendelea kwa miaka mingi. Watu walitekwa na kuuzwa utumwani kuelekea pwani. Mashamba hayalimiki mahali ambapo mlimaji anaogopa kutekwa. Kiburi kilikuwa cha wakubwa, na njaa ikawa ya raia.

Ni katika nchi yenye majeraha hayo ambapo wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891. Chama chao kilishikamana na kazi ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh huko Bethel, mahali palipojulikana kwa kuwatunza wagonjwa wa kifafa na watu waliotengwa na jamii. Hawakuwa malaika, walikuja wakati ule ule bendera ya mkoloni ilipokuwa ikipandishwa, na baadhi ya mafunzo yao juu ya utii yalimfaa mkoloni huyo. Hata hivyo kazi iliyoanzishwa Lutindi, kwanza makao ya watoto waliokombolewa utumwani na baadaye hospitali ya wagonjwa wa akili, inatosha kuonyesha kuwa walikuwapo miongoni mwao watu waliofahamu maana ya kumwinamia yule ambaye hana cha kukulipa.

Lakini mfano mkubwa zaidi wa kumtumaini Mungu katika shida uko katika miaka ambayo wamisionari hao hawakuwapo. Majeshi ya Waingereza yaliitwaa Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, katikati ya mwaka 1916. Kufikia mwaka 1920 Wajerumani walikuwa wameondolewa nchini, na hawakupata ruhusa ya kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Sharika zilizotawanyika katika mabonde na vilele vya Usambara zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa kanisa, wenyeji wa milima hiyo hiyo.

Yafaa kufikiri hali yao ilivyokuwa. Waliowafundisha na kuwalipa ujira wameondoka, na hakuna aliyejua kama watarudi. Serikali mpya ilikuwa ngeni na haikuwadai wala kuwaahidi kitu. Vita vilikuwa vimemaliza akiba za vyakula na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi, na ugonjwa wa mafua makuu wa 1918 na 1919 ukapita katika Tanganyika. Mwalimu wa shule ya kijijini angeweza kufunga mlango, akarudi shambani kwake, na hakuna mkaguzi ambaye angemwuliza. Wapo waliofanya hivyo, na ni vigumu kuwalaumu. Lakini walikuwapo wengine walioendelea kukusanya watoto, kuwafundisha kusoma, kuongoza sala, kuzika wafu na kusuluhisha ugomvi wa wanandoa. Wamisionari waliporudi walikuta kanisa likiwa hai, na pengine lenye kujiamini kuliko walivyoliacha.

Mwaka 1939 vita vya pili vikaanza, Wajerumani wakawekwa kizuizini, na ingawa Walutheri wa Marekani walisaidia usimamizi na fedha, kazi ya kila siku iliangukia tena mabegani mwa walimu na wachungaji Waafrika. Kwa hiyo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwezi wa Juni 1963, na kanisa la Usambara na Digo likawa miongoni mwa makanisa saba yaliyoungana, watu wa milima hiyo walikuwa wamekwisha kulea kanisa mara mbili bila mlezi. Inashangaza kwamba katika vitabu vingi vya historia ya misheni walioondoka wamepewa sura nzima na waliobaki wamepewa mistari michache.

Walimu hao walimtumaini Mungu, na kutumaini kwao kulikuwa na ratiba. Kulikuwa na saa ya kupiga kengele na saa ya kufungua daftari la mahudhurio. Unyenyekevu wao ulikuwa katika kufanya kazi ambayo sifa zake zingekwenda kwa mtu mwingine. Anayedai kwamba kumtegemea Mungu ni kukaa na kungoja hana budi kueleza walimu hao waliwekwa katika kundi gani.

Upo pia mfano wa kinyume chake, nao ulitokea katika bonde lile lile la Mlalo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha hapo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulienezwa sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta katika miteremko, na aliyekaidi alitozwa faini. Haki itendeke hata kwa mkoloni: mabwana shamba wale hawakukosea waliposema kwamba udongo wa Usambara ulikuwa ukichukuliwa na maji. Walikosea kudhani kwamba anayeujua ugonjwa amekwisha kumjua mgonjwa. Hawakumwuliza mwanamke mwenye kipande kimoja cha ardhi ni siku ngapi za jembe atakazopoteza kwa ajili ya matuta yale, wala hawakujali ujuzi wa kale wa Washambaa wa kuchanganya mazao na kuifunika ardhi kwa kivuli cha migomba. Watu walikataa, wake kwa waume, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. TANU ilipata masikio mengi katika milima hiyo kwa sababu ya matuta. Katika miaka ya 1980 ulipokuja mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, wenye makao yake Lushoto, mistari ya majani ya malisho na miti ilipokewa na wakulima wengi, kwa kuwa majani yale yalimlisha ng'ombe aliyefungwa zizini na mtu aliona faida yake nyumbani kwake.

Je, wakulima waliokataa matuta walipungukiwa unyenyekevu? Wapo wakubwa wa siku zile ambao wangejibu ndiyo bila kusita. Jibu hilo lenyewe linaonyesha jinsi neno hili linavyoweza kugeuzwa fimbo mkononi mwa mwenye cheo.

Chama kililiona jambo hili mapema. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara yake ya 15, ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi, ubadhirifu, dharau na uonevu kwa wale anaowaongoza. Mwaka uliotangulia, Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Mkristo wa kuhudhuria misa bila kukosa, aliwaeleza masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiloshiriki katika kupigana na umaskini na dhuluma litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma. Na yeye mwenyewe alikubali kuinama hadharani. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliandika waziwazi kuwa Tanzania haikuwa bado nchi ya ujamaa wala yenye kujitegemea. Na baadaye, kabla hajatoka madarakani mwaka 1985, alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika katika miaka ya 1970 kulikuwa kosa. Viongozi wangapi duniani wamesema hivyo wakiwa bado wamekalia kiti?

Watumishi wa umma wenye umri mkubwa wanakumbuka miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati sabuni, sukari na mafuta ya taa vilikuwa vitu vya kupangia foleni, na mshahara wa mwalimu ulipokwisha kabla ya tarehe kumi. Katika shule za milimani walikuwapo walimu waliolima viazi jioni ili wafundishe asubuhi. Walikuwapo pia watu wa madukani na wa maofisini walioficha bidhaa na kuziuza kwa njia ya nyuma, na baadhi yao Jumapili walikuwa kanisani, wengine Ijumaa msikitini. Wote hao walipitia shida moja chini ya mbingu moja.

Hapa ndipo lilipo jambo zito ambalo wahubiri na watumishi wa umma hawana budi kulitazama bila kupepesa macho. Mvua isiponyesha, mkulima amtazame Mungu. Bei ya mbolea ikipanda kwa sababu ya vita vilivyoko mbali, avumilie huku viongozi wake wakitafuta njia. Lakini dawa ikikosekana katika zahanati kwa kuwa fomu ya maombi imelala mezani kwa mtu wiki tatu, au mtoto akifika darasa la tano hajui kusoma kwa kuwa mwalimu wake anashinda sokoni, hayo hayakutoka mbinguni. Kuyaita majaribu ya Mungu ni kumsingizia Mungu uzembe wa binadamu. Kibaya zaidi, mama aliyeshuka kutoka Mtae alfajiri na kuambiwa dirishani arudi kesho huenda akaamini kwa dhati kwamba kunung'unika ni dhambi, wakati aliyemwambia arudi anaendelea kunywa chai yake kwa amani.

Wakristo wa Usambara, na ndugu zao Waislamu wanaoishi nao nyumba kwa nyumba na kuzikana makaburini, hawahitaji kufundishwa subira. Ingekuwa mazao, wangeiuza nje. Wanachohitaji ni kumwona aliyesoma, mwenye mhuri na saini, akiwa na hofu ya Mungu ya kiasi kile kile anachowadai wao.

Katika sharika nyingi za milima hiyo, baada ya ibada ya mavuno, ndizi, maharagwe, kuku na mayai yaliyotolewa sadaka hupigwa mnada nje ya kanisa. Bwana shamba husimama hapo pamoja na wakulima wake na kushindana nao bei ya mkungu wa ndizi, wakicheka. Mkulima humwuliza palepale lini mbegu zitafika, naye hujibu vizuri, kwa jina la mtu na jina la kitongoji chake. Swali hilo hilo litamfikia tena Jumatatu asubuhi ofisini, likiletwa na mkulima yule yule.