Injini ya Boti: Nguvu ya Kweli ni Ile Inayokurudisha Nyumbani

Askari anayekaribia kustaafu, au polisi anayetaka kuiongezea nyumba yake kipato, akiwa mkazi wa Kampala aghalabu hufikiria kununua boti. Ziwa Viktoria liko mlangoni. Kutoka Ggaba na Port Bell, samaki, matunda, mizigo na abiria huvuka kila siku kati ya visiwa na nchi kavu. Mafundi wa kuunda boti za mbao wapo. Linalomtoa mtu jasho ni injini, kwani ndiyo imezayo sehemu kubwa ya akiba yake, na ndiyo ishikayo roho za watu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hutafuta injini kubwa kupita uwezo wa mfuko wao, wakidhani kwamba nguvu ni ile namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. Yafaa ieleweke kwamba injini nzima ya nguvu za farasi 25, iliyofungwa vema na kupewa propela inayoifaa, ni bora kuliko ya 40 iliyochoka. Nguvu ya injini si kelele. Ni ule msukumo unaofika majini, leo, kesho na siku ya tufani.

Jambo la kwanza ambalo wanunuzi husahau ni kwamba Ziwa Viktoria haliko usawa wa bahari. Liko juu yake kwa mita 1,134 hivi. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida ikivuta hewa nyepesi huunguza mafuta kidogo zaidi. Kwa hiyo hupungukiwa takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ile ya farasi 40 hufanya kazi kama ya 36. Propela iliyochaguliwa kwa ajili ya Mombasa au Dar es Salaam yaweza kuwa nzito mno kwa injini hiyo hiyo ikiwa Ggaba.

Dawa yake si kununua injini nyingine. Kila propela ina kipimo cha inchi kinachoonyesha umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu katika ubao. Boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida na injini imefunguliwa yote, mizunguko ihesabiwe kwa kipima mizunguko. Ikiwa haifiki kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha injini, propela yenye inchi moja pungufu huongeza mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika. Injini hupumua, boti hunyanyuka, na pistoni haziteswi. Gharama ya propela ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya injini.

Anayenunua injini iliyokwisha tumika asitazame rangi. Kwanza, fundi aweke kipimo cha mgandamizo katika tundu la plagi la kila silinda. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, ringi, pistoni au silinda zina hitilafu. Pili, afungue skrubu ya chini ya gia. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kupenya kwenye sili. Tatu, mnunuzi aulize kama vipuri vya aina hiyo hupatikana mjini. Injini ya ajabu isiyo na vipuri ni pambo la ua.

Injini ikishapatikana, fedha ya kwanza isitumiwe kuongeza kasi. Itumiwe kubadili pampu ya maji, plagi, chujio la petroli na mipira ya mafuta iliyopasuka. Ndani ya pampu mna gurudumu dogo la mpira linalovuta maji ya ziwa ili kuipoza injini. Injini ikiwashwa nchi kavu bila maji, hata kwa muda mfupi, mpira huo huungua. Isitoshe, magugu maji, yaliyoingia ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980, pamoja na mchanga wa ufukweni huziba matundu ya kuvutia maji. Dereva mwangalifu hutazama nyuma mara kwa mara aone kama ule mchirizi wa maji bado unatoka. Ukikoma, azime injini papo hapo.

Katika injini za mipigo miwili, oili huchanganywa na petroli, nayo ndiyo ulainisho pekee wa pistoni. Injini nyingi za aina hiyo hutaka sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa lita 20. Iliyofanyiwa ukarabati mkubwa huanza kwa mara mbili ya hapo, mililita 800, hadi izoee. Hata hivyo, kitabu cha injini yenyewe ndicho cha kufuatwa, kwa kuwa za zamani hutaka oili zaidi. Oili iwe ya injini za boti yenye alama ya TC-W3, si ya gari. Mama wa nyumba aweza kuweka chupa yenye alama, ili kipimo kisibahatishwe. Petroli isiwekwe kamwe ndani ya nyumba wala karibu na jiko.

Wako mafundi watakaoshauri kukwangua kichwa cha silinda ili mgandamizo upande, au kupanua matundu ya kabureta. Kasi yaweza kuongezeka, lakini joto huzidi na petroli nyingi hupotea bure. Mwenye kutegemea injini kwa chakula cha watoto asiingie katika mchezo huo.

Haya si mambo ya faida tu. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na ufuko wa Mukono, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Polisi walisema ilikuwa imebeba watu kupita kiasi na kwamba hali yake ya kiufundi ilikuwa mbaya. Hakuna injini inayoweza kulipa deni la mzigo uliozidi. Kwa hiyo hesabu ya boti ianzie kwenye jaketi za kuokolea maisha, moja kwa kila mtu. Kisha makasia, plagi za akiba na bisibisi, na ile kamba ya usalama inayozima injini dereva akianguka.

Familia iwe na daftari la injini: saa ilizofanya kazi, petroli, oili, plagi zilizobadilishwa na tarehe ya kutazamwa pampu. Kila Jumamosi, baba, mama na kijana anayeiendesha waisome pamoja. Gurudumu la mpira lililochakaa likibadilishwa mapema, pistoni husalimika. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katikati ya ziwa hakuna mahali pa kujenga ukuta.