Jina la Moba Kwenye Kioo: Samaki wa Mapambo na Wajibu Wetu Kando ya Ziwa

Mtu akiingia katika duka la samaki wa mapambo huko Ujerumani au Marekani, anaweza kukuta tangi la kioo lenye samaki wa rangi ya buluu, wenye michirizi myeusi ubavuni na nundu kwenye paji la uso. Pameandikwa jina la aina yao, na kando yake neno moja: Moba. Kwenye tangi lingine pameandikwa Kapampa, na kwenye lingine Moliro. Mara nyingine huongezwa neno Zaïre, ijapokuwa nchi yetu iliacha jina hilo mwaka 1997.

Hayo ni majina ya kwetu, ya mwambao wa kusini wa jimbo la Tanganyika. Wanunuzi wa mbali wanayajua vizuri, hata wanaweza kutofautisha samaki wa mwamba huu na wa mwamba ule kwa rangi tu. Lakini washirika wetu wengi hawajasikia kamwe kwamba jina la kijiji cha kando ya ziwa letu linauzwa pamoja na samaki.

Tunajua wengine watauliza: je, huu ni wakati wa kuzungumza juu ya samaki wa mapambo? Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi mwanzoni mwa mwaka 2025, watu wamekimbia, mashamba yamelala. Swali ni la haki. Lakini vijana wa mwambao wanatuuliza kama kazi ya kupiga mbizi na kukamata samaki hao ni kazi njema, na mchungaji hawezi kumjibu kijana kwamba angoje vita viishe. Tena, katika jambo hili dogo tunaona wazi jinsi utajiri wetu unavyotutoka.

Tuanze na ziwa lenyewe. Tanganyika ni mali ya nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, na sehemu kubwa ni ya Kongo na Tanzania. Sisi tunalijua kwa ndagala, mukeke na kuhe, yaani kwa chakula. Lakini lina pia aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wengi wao huishi kwenye miamba, nao hawapendi kuvuka mchanga au maji ya kina. Kwa hiyo samaki wa mwamba mmoja huzaana wao kwa wao kwa vizazi vingi, mpaka rangi yao inakuwa tofauti na ya majirani zao wa kilometa chache tu. Ndiyo sababu jina la mahali hufuatana na samaki. Na ndiyo sababu ya hatari: mwamba ukishamalizwa, hakuna wengine wa rangi ile watakaokuja kujaza nafasi.

Kazi ya kuwakamata si rahisi. Mpiga mbizi hushuka na wavu, anawazungushia samaki kwenye mawe, anawatoa mmoja mmoja bila kuwaumiza. Wale wenye nundu wanakaa kwenye kina kirefu, mara nyingi zaidi ya mita 20. Samaki ana kifuko cha hewa tumboni. Akipandishwa haraka, hewa ile inavimba na kumwua. Lazima apandishwe kidogo kidogo, kwa hatua, hata kwa siku kadhaa. Halafu anawekwa bila chakula kwa muda ili asichafue maji ya safari, anafungwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, na mfuko unaingia katika sanduku linalozuia joto na baridi. Baada ya hapo kila saa ni ya thamani, maana anapaswa kufika kwenye uwanja wa ndege angali hai.

Jambo moja wazazi walisikie. Sheria ile ya kupanda polepole inamhusu pia mwanadamu. Mtu anayevuta hewa ya mashine kwenye kina kirefu, kisha akapanda haraka, hewa iliyoingia katika damu yake hutoka kama mapovu ya chupa ya soda iliyofunguliwa. Anaweza kupooza miguu, anaweza kufa. Samaki hupandishwa kwa uangalifu kwa sababu ana bei. Je, kijana wetu anayemfuata chini anaangaliwa hivyo?

Biashara hii si ya jana. Mbelgiji Pierre Brichard aliifanya kwa miaka mingi akiwa Bujumbura, akaandika kitabu kikubwa juu ya samaki wa ziwa mwaka 1978, na baadhi ya samaki wanaitwa kwa jina lake hadi leo. Ziwa halina ukuta: samaki aliyekamatwa upande wetu anaweza kuondoka kupitia Zambia, Tanzania au Burundi, na kodi yake ikaandikwa huko. Katika duka la mbali, samaki mkubwa wa mwitu anaweza kupita dola 100. Aliyezama kumchukua hupata sehemu ndogo, na kijiji mara nyingi hakipati kitu.

Ili kuelewa tunakoelekea, tuangalie watu waliotutangulia katika njia hii. Wako nchini Brazili, kwenye mto mkubwa uitwao Rio Negro, yaani Mto Mweusi, unaoingia katika Amazon karibu na Manaus. Huko uko mji mdogo wa Barcelos. Katika misitu inayofurika maji kila mwaka anaishi samaki asiyefika sentimeta 5, mwenye mstari wa buluu unaong'aa na tumbo jekundu. Anaitwa kadinali. Kwa miaka mingi mamilioni ya kadinali walisafirishwa kila mwaka. Wavuvi wao, wanaoitwa piabeiro, huingia msituni kwa mitumbwi midogo, wanawasukuma taratibu kuelekea wavu, kisha wanawachota kwa bakuli pamoja na maji ili wasijeruhiwe.

Wanasayansi walioanza kuwafuata wavuvi hao mwaka 1989, katika mpango uitwao Project Piaba, waliona jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Kadinali wengi hufa wenyewe maji yanapopungua wakati wa kiangazi. Kuchukua sehemu yao hakukumaliza kizazi. Na kwa kuwa chakula cha familia kilitoka katika msitu uliosimama, watu walikuwa na sababu ya kutoukata. Samaki mdogo alikuwa mlinzi wa miti.

Kisha wafugaji wa Asia, Ulaya na Florida wakajua kumzalisha kadinali katika matangi yao. Soko la samaki wa mtoni likapungua, na wavuvi wengi wakaiacha kazi. Wengine wakawa waongozaji wa watalii, wengine wakaenda mjini. Hakuna aliyewaibia usiku. Walichokuwa wakiuza kilikuwa kinaweza kuzaa, nacho kikazaa mikononi mwa wengine.

Nchi ileile ilikuwa imekwisha kuonja jambo hilo. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alitoa Brazili makumi ya maelfu ya mbegu za mti wa mpira. Miche ikafika Asia, mashamba yakakua, na mwanzoni mwa karne ya 20 utajiri wa mpira wa Manaus ukaanguka. Sisi Wakongo tunaijua habari ya mpira kwa mikono iliyokatwa wakati wa Leopold II. Lakini mara chache tunakumbuka sehemu hii: mpira wetu wa mwitu nao ulishindwa na mashamba yale ya Asia. Watu wetu walilipa kwa damu kwa ajili ya mali ambayo, miaka michache baadaye, soko halikuihitaji tena.

Samaki wetu wako katika njia hiyohiyo. Wale wenye nundu na wengine wengi wa Tanganyika wanazalishwa tayari katika nchi za mbali. Samaki anayeuzwa kwa jina la Moba huenda alizaliwa katika tangi, na wazazi wake vilevile. Jina limebaki, deni kwa Moba halipo. Koltani ikitoka imetoka, lakini huyu akitoka anaendelea kuzaa. Basi swali letu lisiwe tu kwamba bei ni ngapi leo. Tuulize ni nini kitakachobaki kwetu wakati mnunuzi hatatuhitaji tena.

Wako wanaosema: basi biashara hii ipigwe marufuku. Hatuwezi kukubali haraka. Kijana aliyekatazwa ziwa bila kupewa kazi nyingine huenda kwenye mashimo ya dhahabu au kwa wenye bunduki. Lakini wala tusiazime mfano wa Rio Negro kama ulivyo. Kadinali ni wengi na maisha yake ni mafupi. Samaki wa miamba yetu hukua polepole, na wengi huzaa wachache. Wako ambao mama hubeba mayai na watoto kinywani mwake kwa majuma kadhaa, na mpiga mbizi anaweza kumtambua kwa koo lililovimba.

Hapa Neno la Mungu linatukuta palepale. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mungu anaweka sheria kwa mtu aliyekuta kiota njiani: anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini amwache mama aende zake, ili apate heri na siku nyingi. Sheria hii haikatazi kuchukua, inakataza kumaliza. Anayemchukua mama pamoja na watoto amekula leo na kesho kwa mlo mmoja. Na katika Mwanzo 2, kabla Adamu hajawapa wanyama majina, alikuwa amekwisha kupewa kazi ya kuilima bustani na kuitunza. Kutunza kulitangulia kutaja majina. Wafanyabiashara wametumia majina yetu; kazi ya kutunza bado ni yetu.

Kutunza huko kunaanza juu milimani. Tope ndilo adui mkubwa wa samaki wa miamba: linafunika mawe wanapokula na kujificha. Watu wa Uvira hawawezi kusahau Aprili 2020, mito ilipofurika na kubomoa nyumba. Maji yale yale yanayotuua sisi hupeleka udongo wa milima iliyokatwa miti mpaka ziwani. Kanisa linalopanda miti mlimani linalinda watu na samaki pamoja.

Basi makanisa ya mwambao yafanye nini? Mnunuzi akija, wazee wa kanisa wakae pamoja na chifu na kamati ya wavuvi, wamwulize mbele ya watu: Kibali chako kiko wapi? Unataka samaki wangapi, na kutoka mwamba gani? Mwamba huo utapumzika lini? Akina mama wenye watoto kinywani wataachwa? Kijana akipooza, nani atamtibu na kulisha watoto wake? Majibu yaandikwe. Mwaka 2024 uvuvi wa ziwani ulifungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaane, na ijapokuwa ilikuwa vigumu, watu walijifunza kwamba ziwa linaweza kupumzishwa. Mwamba mmoja ni rahisi zaidi.

Tena tuweke ujuzi. Katika 1 Wafalme 4:33 hekima ya Sulemani ilihesabiwa pia kwa kuwa alinena habari za samaki. Shule zetu za Kiprotestanti za kando ya ziwa ziwafundishe watoto majina ya samaki wa miamba yao. Mtu wa mbali akija kutafuta samaki wa Moba, akute mtoto wa Moba anayewajua kuliko yeye, na anayejua pia ni wangapi wasiotoka.

Bwana atupe macho ya kuona alichotuwekea mkononi, kabla hatujakiona kwa mara ya kwanza nyuma ya kioo cha wengine.