Asimov Aliiharibu Foundation kwa Mkono Wake Mwenyewe

Wapenzi wa riwaya za kisayansi mtanikasirikia leo, lakini potelea mbali. Kila mtu akiuliza aanzie wapi kumsoma Isaac Asimov, wajuzi humtwika ile orodha ndefu: anza na roboti, nenda kwa Himaya, malizia na Foundation, kwa sababu eti zote ni historia moja ya wakati ujao, miaka zaidi ya elfu ishirini. Mwandishi mwenyewe alizipanga hivyo mwanzoni mwa Prelude to Foundation (1988). Mimi nasema orodha hiyo ni mtego.

Hebu tuangalie msimbo wa awali. Hadithi za Foundation zilianza kutoka mwaka 1942 katika jarida la Astounding, zikawa vitabu vitatu kati ya 1951 na 1953. Hadithi za roboti zilikuwa kando kabisa, na I, Robot ilitoka 1950. Pekua ile Foundation ya kwanza utakavyo, hukuti roboti hata mmoja. Kuna sayari milioni 25 zenye watu, Himaya inaoza, na kazi yote inafanywa na binadamu: Meya Salvor Hardin kwa ujanja wake, Hober Mallow kwa biashara yake. Hari Seldon amepiga hesabu za umati. Mtu mmoja hatabiriki, lakini umati mkubwa kupindukia unatabirika, kama gesi ndani ya mtungi. Kwa mpango wake, miaka 30,000 ya giza itapungua iwe 1,000.

Uzuri wa hesabu hiyo ni kwamba haina fundi aliyejificha nyuma ya pazia akibonyeza vitufe. Ndiyo maana yule Mule, aliyetokea katika hadithi za 1945, anatisha sana. Ni mtu mmoja anayeweza kugeuza mioyo ya watu, na hesabu haikumjua.

Mtaniambia, je, Foundation ya Pili? Si nao walichezea akili za watu kwa siri? Kweli kabisa. Lakini hao walikuwa watu. Walikufa, walipungukiwa, na Foundation ya Kwanza ilipowashtukia iliwawinda kama wezi. Kitabu chenyewe kinauona ulinzi wao kuwa jambo la kugombaniwa.

Basi, miaka karibu thelathini ikapita, wachapishaji wakamtaka arudi, akarudi. Foundation's Edge (1982) ikapata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Robots and Empire (1985) ikaanza kushona kanzu mbili kuwa moja. Foundation and Earth (1986) ikatupeleka mpaka Mwezini, na tukamkuta nani? R. Daneel Olivaw, roboti mpelelezi wa The Caves of Steel (1954), yuko hai baada ya miaka 20,000, na ndiye aliyekuwa nyuma ya kila kitu. Katika Prelude anageuka kuwa waziri mkuu wa Himaya, tena ndiye anayemsukuma Seldon atengeneze ile hesabu.

Wenzangu waandika programu wanaijua harufu hii. Una mifumo miwili iliyoandikwa kwa nadharia zinazopingana. Badala ya kuiacha kila mmoja uende zake, unaongeza mchakato mmoja wa siri wenye ruhusa zote, na kila hitilafu unaisukumia kwake. Kwa nini roboti wametoweka? Daneel. Nani aliibuni Gaia? Daneel. Mpango wa miaka 1,000 tuliougojea utakwisha vipi? Hautakwisha, umebadilishwa na mpango wa Daneel! Hicho ni kiraka, jamani. (Kwamba vyombo vya anga vya 1982 vina tarakilishi ambazo mababu zao wa 1942 hawakuziota, hilo namsamehe.)

Lakini kinachoniuma zaidi ni Dunia. Katika Pebble in the Sky (1950) Dunia imejaa mionzi, na msomaji wa siku zile, Hiroshima ikiwa bado mbichi, hakuhitaji kuambiwa sababu. Mwaka 1985 Asimov akabadilisha. Sasa ni adui aliyetega mtambo, na roboti Giskard, mwenye uwezo wa kuuzuia, anauacha ufanye kazi yake polepole ili watu wahame wakaijaze galaksi. Kwa faida yao. Wameitungia hata sheria, ile ya Sifuri, inayoweka ubinadamu mbele ya binadamu mmoja mmoja. Hakuna mwenye Dunia hiyo aliyeulizwa, na kitabu kinataka nimlilie Giskard.

Siwezi. Sisi tunazijua karatasi za namna hiyo. Mkataba wa 1904 uliowaondoa Wamaasai karibu na reli uliandikwa kana kwamba wao wenyewe wameona kuhama ndiyo faida yao. Ule wa 1911 ukawatoa Laikipia pia.

Na msiseme kuunganisha hakuwezekani. Poul Anderson alikuwa na Dominic Flandry tangu 1951 na Nicholas van Rijn tangu 1956, akaja kuwaweka katika historia moja. Hadithi ya kwanza ya van Rijn aliiandika upya kwa ajili ya The Earth Book of Stormgate (1978) ili ikae sawa na nyingine. Yaani alirekebisha msimbo wenyewe! Na Muungano wa wafanyabiashara wake unavunjika katika Mirkheim (1977) kwa sababu ya uchu wa madini na makampuni kulana. Ni makosa ya watu, yanaonekana mchana kweupe.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, soma Foundation, Foundation and Empire na Second Foundation. Ukifika mwisho wa cha tatu, mpango haujatimiza hata miaka 400, na hujui kama utafika. Funga kitabu hapo.