Usonji: Mzazi amwamini mtaalamu yupi?

Tangu Desemba 2007, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoitenga Aprili 2 kuwa siku ya usonji duniani, neno hilo limezoeleka katika magazeti yetu na hospitali za mijini. Ambalo bado halina jibu ni swali linalomkabili mzazi baada ya kuelezwa kuwa mwanawe ana usonji: ampeleke kwa nani?

Jijini Dar es Salaam washauri hawakosekani. Yupo mganga anayedai mtoto amerogwa, yupo anayeahidi kumwombea apone, na wapo wauzaji wa virutubisho wenye ahadi ya miezi mitatu. Walio haba ni wataalamu wa utengamao wenyewe.

Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Ni namna ubongo ulivyokua, na mtu huzeeka nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na hali hiyo. Anayeahidi kuponya, basi, amejiengua mwenyewe.

Hata hivyo, cheti ukutani hakitoshi. Wapo wenye vyeti ambao humlazimisha mtoto kutazama watu machoni au humshika mikono asiipepee, ilhali kupepea huko mara nyingi ndiko kunakomtuliza. Watu wazima wenye usonji wameeleza mara nyingi gharama ya kulelewa wakijificha hivyo: uchovu, hofu na sonona. Mtaalamu wa kuaminika huanza kwa kuuliza kinachomsumbua mtoto, kama ni kelele za darasa lililofurika au sare inayowasha. Maneno yasipokuja, humpa picha au ishara za kuwasiliana. Mzazi huruhusiwa kukaa chumbani. Na mtoto akikataa, mtaalamu husita. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote.

Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka katika ibara ya 25 huduma za afya zitolewe kwa ridhaa ya anayehudumiwa. Mtoto asiyesema huonyesha ridhaa yake, au kukataa kwake, kwa mwili: hulia, hujificha, hung'ang'ania mlango wa kliniki. Mzazi akiambiwa huo ni ukaidi utakaokwisha, ana kila sababu ya kumchukua mwanawe na kuondoka, hata kama ada imekwisha kulipwa. Ila kwa yule ambaye kliniki nyingine iko safari ya siku nzima kwa basi, aondoke aende wapi? Hilo wazazi hawawezi kulijibu. Ni la Wizara ya Afya.