Keekee ya Umeme na Mchanga wa Kisarawe: Zana Isiyotunzwa ni Chuma Chakavu

Zana yoyote ya kukata huanza kufa siku ile ile inapoanza kazi. Jambo hili linajulikana na kila mkulima anoaye jembe lake na kila seremala awekaye tupa karibu na msumeno. La kushangaza ni kwamba zana ikishatiwa mota na betri, watu wengi hulisahau, wakadhani kuwa umeme umechukua nafasi ya makali. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ni potofu, na kwamba shule ya sekondari ndipo mahali pafaapo kuing'oa.

Zana iliyotoka kwenye barafu

Katika nchi za kaskazini kama Finland, Sweden na Kanada, maziwa huganda wakati wa baridi. Mvuvi hutembea juu ya barafu, akatoboa tundu, akateremsha ndoana. Chombo cha kutobolea ni keekee kubwa: parafujo ya chuma yenye visu viwili upande wa chini. Visu hukata, na parafujo huinua kilichokatwa. Zamani keekee hiyo ilizungushwa kwa mikono, kisha ikatiwa injini ya petroli, na leo nyingi huendeshwa kwa betri.

Keekee ya namna hiyo hiyo, ikiwa na visu vya aina nyingine, hutoboa udongo. Katika Wilaya ya Kisarawe, mahali pa mikorosho, miembe na minanasi, mkulima anaweza kuitumia kuchimba mashimo ya miche na ya nguzo za uzio. Lakini yafaa ieleweke kuwa keekee ndogo ya betri haichimbi kisima. Ikifika kwenye mchanga uliojaa maji, kuta za shimo hubomoka, na hapo huhitajika mabomba ya kuzuia na vifaa vikubwa zaidi.

Keekee ya mkono si ngeni Tanzania. Kati ya mwaka 1974 na 1978, mradi wa visima vifupi mkoani Shinyanga, uliosaidiwa na Uholanzi, uliitumia kupima ardhi na kuchimba visima, na kazi ya namna hiyo ikaendelea mkoani Morogoro kuanzia 1978. Finland nayo ilisaidia miradi ya maji Mtwara na Lindi. Hata Kibaha, jirani na Kisarawe, nchi za barafu ziliacha alama: mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 ulikabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, nao ndio Shirika la Elimu Kibaha.

Historia hiyo ina funzo chungu. Mwaka 1971 taifa lilijiwekea lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400. Lengo halikufikiwa. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ni kwamba pampu zilifika vijijini kabla ya ujuzi wa kuzitunza na vipuri vyake.

Nishati huenda wapi?

Hebu mwanafunzi apige hesabu. Shimo lenye kipenyo cha sentimita 20 na kina cha sentimita 60 lina ujazo wa lita 19 hivi. Ikichukuliwa kuwa lita moja ya udongo ina kilo 1.6, udongo wote ni kilo 30. Kwa wastani, udongo huo huinuliwa sentimita 30 ili kufika juu. Kazi ya kuuinua ni 30 × 9.8 × 0.3, yaani jouli 88 tu.

Sasa ichukuliwe kuwa mota ya wati 600 huchimba shimo hilo kwa sekunde 30. Nishati iliyotumika ni jouli 18,000. Kwa hiyo kuinua udongo hakukuchukua hata sehemu moja katika mia. Nishati iliyobaki imekwenda katika kukata, katika msuguano na katika joto la mota. Hapo ndipo siri ilipo: mwenye keekee hanunui nguvu ya kuinua, ananunua nguvu ya kukata. Kisu kikiwa butu, mota haikati tena bali inasugua.

Betri ya volti 40 yenye ampia-saa 5 hubeba wati-saa 200, sawa na jouli 720,000. Kwa hesabu hiyo ingetosha mashimo 40. Visu vikiwa butu hata kila shimo likachukua dakika nzima, mashimo hubaki 20. Betri ni ile ile, mota ni ile ile. Kilichopungua ni makali.

Adui mwenye ugumu wa 7

Wavuvi wa barafu huambiana kwamba punje chache za mchanga zatosha kuharibu kisu. Sababu yake imo katika kipimo cha ugumu wa madini alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812. Kwatzi, madini yanayofanya sehemu kubwa ya mchanga, ina ugumu wa 7. Chuma laini hukaribia 4, na hata tupa iliyokaushwa vizuri haifiki 7. Udongo mweupe wa kaolini wa milima ya Pugu ni laini mno, lakini nao umechanganyika na chembe za kwatzi. Hivyo mvuvi hukutana na mchanga kwa bahati mbaya, ilhali mkulima wa Kisarawe hukutana nao katika kila mzunguko. Kisu chake hakina budi kunolewa mara nyingi zaidi.

Kunoa kwenyewe kuna kanuni. Betri itolewe kwanza, kabla mkono haujagusa kisu. Mteremko wa asili wa makali ufuatwe, na visu vyote viwili vinolewe sawasawa, la sivyo keekee itayumba. Tupa ya mkono ni salama kuliko jiwe la umeme, kwa maana chuma kilichopata joto hadi kugeuka buluu kimepoteza ugumu wake. Baada ya kazi, udongo ufutwe na visu vipakwe mafuta kidogo. Kwenye mizizi, mtumiaji ashike kwa mikono miwili na kusimama imara, kwani keekee ikikwama ghafla, mpini ndio huzunguka.

Kuhusu betri, mvuvi huificha ndani ya koti, kwa sababu baridi huidhoofisha. Kisarawe hatari iko upande wa pili: betri ya lithiamu iliyojaa ikiachwa juani huzeeka upesi. Iwekwe kivulini, na ikiwa haitatumika kwa muda mrefu, ihifadhiwe ikiwa na nusu ya chaji.

Wajibu wa shule

Wapo wasemao kwamba jembe latosha, na kwamba zana hii ni anasa. Kwa mkulima wa miche kumi, hoja yao ni ya kweli. Wapo pia wasemao kwamba matengenezo ni kazi ya fundi, si ya mwanafunzi. Hao ndio waliokosea. Fundi huitwa chombo kikiwa kimekwisha kuharibika; matunzo ni kazi ya kila siku ya yule anayekitumia.

Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Hii ni nafasi njema, lakini itapotea iwapo somo litakuwa kuandika majina ya zana ubaoni. Keekee moja, hata ya mkono, saa ya kupimia na daftari la zana vyatosha. Wanafunzi wachimbe mashimo matano kwa kisu butu na kuandika muda. Wakinoe, wachimbe matano mengine, wachore mchoro wa tofauti. Mwalimu wa fizikia aeleze nishati, wa kemia aeleze betri, wa jiografia aeleze udongo. Na mashimo hayo yapandwe miti, ili jasho lisipotee.

Taifa linaloagiza mashine bila kufundisha kunoa linanunua chuma chakavu cha kesho kwa bei ya leo. Kitunze kikutunze, walisema wahenga. Na kazi ya sayansi shuleni ni kueleza kwa nini walisema kweli.